Je, Wachoraji wa Renesansi Walipanga Picha Zao kwa Uwiano wa Dhahabu?

Mwalimu mmoja wa hisabati katika shule ya sekondari ameuliza hivi: "Kitabu cha ziada tunachokisoma darasani kinaeleza kwamba Leonardo da Vinci, Botticelli na Michelangelo walipanga picha zao kwa uwiano wa dhahabu, na kwamba hiyo ndiyo siri ya uzuri wa Mona Lisa. Tulipoipima picha hiyo hatukuipata 1.618 popote, isipokuwa pale tulipojichagulia wenyewe mahali pa kuweka rula. Je, tulikosea kupima, au wachoraji hao hawakuutumia uwiano huo? Na kama hawakuutumia, habari hii imetoka wapi?"

Ndugu Mwalimu, hamkukosea kupima. Mona Lisa, inayohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Louvre jijini Paris, imechorwa juu ya ubao wa mti wa popla wenye kimo cha sentimita 77 na upana wa sentimita 53, na ukigawanya namba ya kwanza kwa ya pili unapata 1.45. Kama Leonardo angetaka ubao wa kimo hicho uwe mstatili wa dhahabu, upana wake ungekuwa sentimita 47.6, na tofauti ya zaidi ya sentimita tano si kosa ambalo seremala anaweza kusingizia msumeno. Wanaodai kuuona uwiano huo ndani ya picha hulazimika kuliacha umbo la ubao na kuchora visanduku vyao juu ya uso wa yule mwanamke, kimoja kikianzia kwenye paji la uso, kingine kikiishia kidevuni, na kingine kikipita mahali ambapo hakuna kitu chochote cha kupimwa. Wanafunzi wako walilitambua jambo hilo kwa rula peke yake, na mimi ningewapa alama zote.

Hata hivyo nisingependa wahitimishe kwamba uwiano wa dhahabu haukuwa na nafasi yoyote katika zama za Renesansi, yaani ule mwamko wa elimu na sanaa uliostawi Italia katika karne ya 15 na ya 16. Nafasi ulikuwa nayo, tena ya heshima. Lakini ulikuwa mali ya wanajiometri, ukikaa katika pembetano na katika magimba, yaani maumbo yenye ujazo, yanayohusiana nayo, wala haukuwa kanuni ya kupanga watu, miti na milima ndani ya picha. Wachoraji na wasanifu majengo wa wakati ule walikuwa na kanuni zao za vipimo, wakaziandika waziwazi, na nyingi mno kati ya hizo ni za namba nzima ndogondogo. Mambo hayo mawili yalikuja kuchanganywa baadaye sana, nje ya Italia.

Niseme kwanza uwiano wenyewe ni nini, kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuwamo darasani kwako. Gawa kipande cha mstari katika sehemu mbili zisizo sawa, kwa namna ambayo urefu wote ukigawanywa kwa sehemu kubwa, jibu liwe lilelile linalopatikana sehemu kubwa ikigawanywa kwa sehemu ndogo. Jibu hilo ni 1 kujumlisha kipeuo cha pili cha 5, yote kugawanywa kwa 2, yaani 1.618 na tarakimu nyingine zinazoendelea bila kikomo. Euclid, aliyeandika kwa Kigiriki takriban miaka 300 kabla ya Kristo, aliutumia mgawanyo huu katika vitabu vyake vya Elementi bila kuupa sifa yoyote ya uzuri. Aliuhitaji kwa kazi mahususi: ulalo wa pembetano iliyo sawa pande zote na pembe zote, ukigawanywa kwa upande wake, hutoa 1.618 hiyohiyo, na kwa hiyo anayetaka kuichora pembetano hiyo kwa bikari na rula lazima aupitie uwiano huu, ajue asijue. Vivyo hivyo kwa anayetaka kujenga gimba la nyuso 12 za pembetano, au lile la nyuso 20 za pembetatu.

Jambo ambalo vitabu vingi vya siku hizi husahau ni kwamba mtu wa karne ya 15 hakuwa na 1.618 ya kuandika. Desimali zilikuwa bado hazijaenea Ulaya, na makadirio ya kwanza ya desimali ya uwiano huu yanayojulikana yaliandikwa na mwanafalaki Michael Maestlin katika barua aliyompelekea Johannes Kepler mwaka 1597, miaka 78 baada ya Leonardo kufariki. Mchoraji aliyetaka kuutumia angelazimika kuujenga kwa bikari, hatua kwa hatua, na kazi ya namna hiyo huacha alama. Katika Karamu ya Mwisho, ambayo Leonardo aliichora jijini Milan kati ya mwaka 1495 na 1498, kwenye ukuta wa ukumbi wa chakula wa watawa wa Santa Maria delle Grazie, mafundi wa kuhifadhi picha waliona tundu la msumari katika panja la kulia la Kristo. Hapo ndipo zilipofungwa nyuzi zilizoongoza mistari ya dari na ya kuta ili yote ielekee mahali pamoja, kama elimu ya kuchora kina inavyotaka. Huo ni ushahidi wa kanuni iliyotumika kweli, na umo ndani ya lipu hadi leo. Kwa upande wa uwiano wa dhahabu, sijawahi kuona ushahidi wa aina hiyo ukitolewa kwa hata moja kati ya kazi zinazotajwa kila mara. Kinachotolewa ni mistari iliyochorwa juu ya nakala ya picha miaka 400 au 500 baada ya mwenyewe kuweka brashi chini.

Mtu anayetajwa kama shahidi mkuu wa upande wa pili ni Luca Pacioli, mtawa Mfransisko na mwalimu wa hisabati kutoka mji mdogo wa Borgo San Sepolcro. Wahasibu wanamjua kwa kitabu chake kikubwa cha hesabu kilichochapwa Venice mwaka 1494, ambacho ndani yake mna maelezo ya kutunza hesabu za biashara kwa njia ya maingizo mawili. Mwaka 1496 aliitwa Milan kwa mtawala Ludovico Sforza, akamkuta Leonardo akitumikia hapohapo, na urafiki wao ukawa wa kudumu kiasi kwamba majeshi ya Ufaransa yalipoiteka Milan mwaka 1499 waliondoka pamoja. Katika miaka hiyo Pacioli aliandika kitabu alichokiita De divina proportione, maana yake Kuhusu Uwiano wa Kimungu, na Leonardo akakichorea magimba ya kijiometri, mengine yakiwa mazima na mengine yakiwa na kingo zake tu, matupu katikati kama tundu la ndege, hata mtu akaweza kuuona upande wa nyuma kupitia ule wa mbele. Kitabu kilichapwa Venice mwaka 1509.

Waandishi wengi hufungia hoja yao hapo: Pacioli aliusifu uwiano, Leonardo akakichorea kitabu, kwa hiyo Leonardo aliutumia katika picha zake. Tatizo ni kwamba waandishi hao hutaja jalada na kuacha kurasa. Sehemu ya kwanza ya kitabu inatoa sababu tano za kuuita uwiano huo wa kimungu. Ni mmoja tu, kama Mungu alivyo mmoja. Unaunganisha vipimo vitatu, jambo ambalo mtawa huyo analifananisha na Utatu Mtakatifu. Hauwezi kutajwa kikamilifu kwa namba, kama vile Mungu asivyoweza kuelezwa kikamilifu kwa maneno. Haubadiliki, uwe katika kitu kikubwa au kidogo. Na ndio unaoliwezesha kuwapo gimba la nyuso 12, ambalo Plato alilihusisha na ulimwengu mzima. Hizo ni sababu za mtu wa dini aliyeipenda jiometri, na katika zote tano hamna inayosema kwamba mstatili wa vipimo hivyo hupendeza macho kuliko mwingine.

Sehemu ya pili ndiyo ya kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu humo Pacioli anazungumza na wajenzi na wachonga mawe, watu waliotaka kujua wakate jiwe wapi. Kama uwiano wa kimungu ungekuwa siri ya uzuri, hapa ndipo mahali pa kuifichua. Badala yake anawarudisha kwa Vitruvius, msanifu majengo wa Roma ya kale, na kwa vipimo vya mwili wa binadamu vinavyogawanyika katika sehemu za namba nzima. Kisha anaonyesha jinsi ya kuunda herufi kubwa za Kirumi kwa kutumia mraba na duara. Sehemu ya tatu haikuwa hata yake: ni tafsiri ya Kiitalia ya kitabu cha Kilatini kuhusu magimba matano kilichoandikwa na Piero della Francesca, mchoraji na mwenyeji wa mji uleule wa Borgo, naye Pacioli hakumtaja kuwa ndiye mwandishi. Giorgio Vasari, katika kitabu chake cha maisha ya wasanii cha mwaka 1550, alimshambulia mtawa huyo bila huruma kwa kumwibia marehemu.

Huyo Piero ndiye mtihani mzuri kuliko wote, na nashangaa kwamba hatajwi katika vitabu vya aina ya hicho mnachokisoma. Alikuwa mchoraji wa daraja la juu na wakati huohuo mwanajiometri wa kweli, aliyekokotoa pande na ujazo wa gimba la nyuso 12 na la nyuso 20 kwa mikono yake mwenyewe. Ikiwa yupo msanii wa karne ya 15 ambaye tuna hakika kwamba aliujua mgawanyo wa Euclid nje na ndani, ni yeye. Sasa tazama mbao zake. Picha yake ya Kristo akipigwa mijeledi, iliyoko Urbino, ina kimo cha sentimita 58.4 na upana wa sentimita 81.5, ambayo ni 1.40, kimo hicho ni takriban dhiraa moja ya Florence, na upana unakaribia ulalo wa mraba wenye upande wa dhiraa hiyo, ukiupungukia kwa kama sentimita moja tu. Ubatizo wa Kristo, ulioko London, una sentimita 167 kwa 116, sawa na 1.44. Piero aliijua 1.618 kwa sura yake ya kijiometri, akaandika kitabu ambacho ndani yake inatumika tena na tena, kisha akaenda kwenye karakana na kukata mbao zake kwa vipimo vingine.

Kwa wengine nitapita haraka zaidi. Karamu ya Mwisho ina kimo cha sentimita 460 na upana wa sentimita 880, sawa na 1.91. Harusi ya Bikira Maria ya Raphael, ya mwaka 1504, ina sentimita 170 kwa 118, sawa na 1.44. Kuumbwa kwa Adamu, aliyoichora Michelangelo kwenye dari la kanisa dogo la Sistine, ina sentimita 280 kwa 570, ambayo ni zaidi kidogo ya 2. Na hapa wanaotetea uwiano hukimbilia pale vidole viwili vinapokaribiana, wakipima kutoka ukingo huu au ule kadiri hesabu inavyowahitaji. Isitoshe, Vasari anasimulia kwamba Michelangelo alikuwa akisema msanii anapaswa kuwa na bikari machoni na si mkononi, kwa kuwa mkono hufanya kazi lakini jicho ndilo linaloamua. Sioni jinsi ya kumgeuza mtu wa msimamo huo kuwa mfuasi wa kanuni moja ya namba.

Inabaki picha moja ambayo inanilazimu niwe mwadilifu kwa upande wa pili. Kuzaliwa kwa Venus, ambayo Botticelli aliichora takriban mwaka 1485 na ambayo iko Uffizi, Florence, ina kimo cha sentimita 172.5 na upana wa sentimita 278.5. Gawanya, unapata 1.614. Mstatili kamili wa dhahabu wa kimo hicho ungekuwa na upana wa sentimita 279.1, kwa hiyo tofauti haifiki hata sentimita moja, na mtu akisema kwamba hapa kuna jambo, simcheki. Ila namwomba atazame pia Primavera, picha ya mchoraji huyohuyo, iliyoko jumba hilohilo na inayofanana nayo kwa ukubwa na kwa mada: sentimita 203 kwa 314, sawa na 1.55. Namkumbusha vilevile kwamba Venus ilichorwa zaidi ya miaka kumi kabla Pacioli hajaandika neno lake la kwanza kuhusu uwiano wa kimungu, na kwamba turubai yake imeshonwa kutokana na vipande viwili vya kitambaa, hali ambayo nayo ina neno la kusema juu ya vipimo vya mwisho. Katika mamia ya picha za karne hiyo, lazima baadhi ziangukie karibu na 1.618, kama ambavyo lazima baadhi ziangukie karibu na 1.4 au 1.5, picha moja iliyoangukia hapo haitoshi kuthibitisha kusudi la mchoraji.

Kuna mchoro mwingine ambao hauwezi kuepukwa, nao ni ule wa mwanamume aliyesimama ndani ya mraba na duara, mikono na miguu ikiwa imenyooshwa. Leonardo aliuchora takriban mwaka 1490, na sasa uko katika Gallerie dell'Accademia, Venice. Uzuri wa mchoro huo kwa hoja yetu ni kwamba mwenyewe aliuandikia maelezo, juu na chini ya picha, kwa ule mwandiko wake wa kutoka kulia kwenda kushoto. Maelezo hayo yanamfuata Vitruvius: vidole vinne ni kiganja kimoja, viganja vinne ni unyayo mmoja, viganja sita ni dhiraa moja, na dhiraa nne ni kimo cha mtu, ambacho ni sawa na upana wa mikono yake iliyonyooshwa. Wazee wetu wa pwani wasingeona ugeni wowote hapo, kwa kuwa pima nayo ni mikono minne. Kisha Leonardo anaendelea: kutoka chini ya kidevu hadi utosini ni sehemu ya nane ya kimo, kutoka zinapoanzia nywele hadi chini ya kidevu ni sehemu ya kumi, unyayo ni sehemu ya saba. Nane, kumi, saba, nne. Hakuna mstari hata mmoja unaotaja mgawanyo wa Euclid. Wengine hupima upande wa mraba na kuugawanya kwa nusu kipenyo cha duara, wakitumaini kupata 1.618, wanapata karibu 1.64, halafu wanaihesabu kuwa ileile.

Basi wachoraji na wajenzi walitumia nini? Walitumia muziki, au kwa usahihi zaidi, walitumia uwiano wa namba nzima ambao tangu enzi za Wapythagora, wafuasi wa Pythagoras wa Ugiriki ya kale, ulijulikana kuwa unatawala sauti zinazopatana. Uzi wa ala ukifupishwa hadi nusu yake hutoa sauti ileile ya juu zaidi; ukifupishwa hadi theluthi mbili au robo tatu hutoa sauti nyingine zinazopatana na ya kwanza. Leon Battista Alberti, katika kitabu chake cha usanifu majengo kilichochapwa Florence mwaka 1485, anasema bila kuficha kwamba namba zinazofurahisha masikio ndizo zinazofurahisha pia macho na akili, kisha anaorodhesha vipimo vya sakafu kwa mujibu wa hilo: moja kwa moja, moja kwa mbili, mbili kwa tatu, tatu kwa nne, na vile vinavyopatikana kwa kuziunganisha, kama nne kwa tisa. Palipohitajika kipimo kisicho cha namba nzima, alichukua ulalo wa mraba au wa mchemraba, vitu ambavyo fundi anaweza kuvipata kwa kamba. Andrea Palladio, mwaka 1570, aliorodhesha maumbo saba ya vyumba aliyoyaona kuwa bora: duara, mraba, mraba uliorefushwa hadi ulalo wake, kisha mraba na theluthi, mraba na nusu, mraba na theluthi mbili, na miraba miwili. Orodha imekwisha, na uwiano wa dhahabu haumo. Leonardo naye, alipoeleza jinsi vitu vinavyopungua ukubwa kadiri vinavyokuwa mbali, alijilinganisha na mwanamuziki anayepanga daraja za sauti.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu hasara ya hadithi ya uwiano wa dhahabu ni kubwa kuliko kosa la hesabu. Inafunika fikra ambayo watu wale waliiamini kwa dhati, kwamba sikio, jicho na ujenzi wa ulimwengu vinatii namba zilezile chache, na mahali pake inaweka namba ambayo Alberti hakuiweka katika orodha yake.

Mahali ambapo uwiano huo unaonekana kwelikweli katika sanaa ya Renesansi ni pale wasanii walipochora magimba yenyewe, na kazi hizo ni nzuri ajabu. Kwenye sakafu ya kanisa la Mtakatifu Marko, Venice, kuna nyota yenye ncha 12 iliyotengenezwa kwa vipande vya mawe, ambayo kwa kawaida huhusishwa na Paolo Uccello; kila mstari wake unakatwa kwa uwiano wa dhahabu, kwa sababu nyota ya pembetano haiwezi kuwa vinginevyo. Katika kanisa la Santa Maria in Organo, Verona, mtawa Giovanni da Verona alitengeneza takriban mwaka 1520 paneli za vipande vya mbao za rangi mbalimbali vilivyounganishwa, na ndani ya kabati zilizochorwa humo yamewekwa magimba yaleyale ya Leonardo, yakionekana kama vitu halisi vilivyosahauliwa rafuni. Na huko Naples kuna picha ya mwaka 1495 ya Pacioli mwenyewe akifundisha, inayodhaniwa kuwa ya Jacopo de' Barbari, ikiwa na gimba la nyuso 12 mezani na gimba la namna nyingine, la kioo, likining'inia hewani, limejaa maji hadi nusu.

Sasa niingie katika swali lako la habari hii imetoka wapi. Jina lenyewe "la dhahabu" halikutoka Italia ya karne ya 15. Kwa kadiri maandishi yanavyoonyesha, lilichapwa kwa mara ya kwanza kwa Kijerumani mwaka 1835, katika toleo la pili la kitabu cha hisabati cha Martin Ohm. Mwaka 1854 Adolf Zeising alichapisha huko Leipzig kitabu kuhusu uwiano wa mwili wa binadamu, akidai kwamba mgawanyo huo ndio sheria ya uzuri katika mwili, mimea na sanaa. Yeye ndiye aliyeweka kitovu kuwa mahali pa kugawa kimo cha mtu, jambo ambalo wengi sasa wanalihesabu kuwa la Leonardo. Gustav Fechner, mwanasaikolojia, akataka kulipima dai hilo: aliwaonyesha watu mistatili kumi, na takriban theluthi moja yao wakauchagua ule wa dhahabu. Matokeo hayo, aliyoyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1876, yananukuliwa hadi leo. Yasiyonukuliwa ni yale aliyoyapata Fechner huyohuyo alipokusanya vipimo vya maelfu ya picha kutoka katalogi za makumbusho: picha za wima zilikaribia zaidi tano kwa nne, na za mlalo nne kwa tatu.

Baada ya hapo wasanii walianza kuutumia uwiano huo kwa kusudi, na wanaostahili kutajwa darasani ni hao. Kundi la wachoraji wa Paris lilifanya maonyesho mwaka 1912 kwa jina la Section d'Or, yaani mgawanyo wa dhahabu. Msanifu majengo Le Corbusier aliujengea mfumo mzima wa vipimo alioutangaza mwaka 1948. Salvador Dalí, katika picha yake ya karamu ya mwisho ya mwaka 1955 iliyoko Washington, alichora sehemu ya gimba kubwa la nyuso 12 juu ya vichwa vya mitume, kwenye turubai ya sentimita 166.7 kwa 267.

Kuhusu kwa nini rula huuona uwiano huu kila mahali, wape wanafunzi wako hesabu hii. Chagua nukta kumi tu katika picha yoyote: macho, pua, kidevu, ncha za vidole, kingo. Kati ya nukta kumi kuna umbali wa aina 45, na ukilinganisha kila umbali na mwingine unapata jozi 990. Ruhusu kosa la asilimia mbili, kwa sababu mstari wa penseli nao una unene, na lingekuwa jambo la ajabu ukikosa jozi kadhaa zinazotoa 1.6 na kitu. Kwa hiyo kipimo cha haki ni kile ambacho nukta zake zimetajwa kabla ya rula kugusa picha.

Umeniuliza pia, mwishoni mwa barua yako, ni zoezi gani linaloweza kuchukua nafasi ya lile la Mona Lisa. Ningewapa la Albrecht Dürer, mchoraji wa Nuremberg, ambaye katika kitabu chake cha jiometri cha mwaka 1525 alionyesha njia sahihi ya kuchora pembetano, na pia njia ya mafundi inayotumia bikari isiyobadilishwa upana. Chora mstari AB, na kwa upana huohuo chora duara lenye kitovu A na duara lenye kitovu B. Unganisha mahali yanapokutana juu na chini kwa mstari wa wima. Weka bikari penye makutano ya chini, uchore duara la tatu. Litaukata mstari wa wima penye nukta E, litakata duara la A upande wa kushoto penye F, na duara la B upande wa kulia penye G. Mstari kutoka F kupitia E ukifika ukingo wa mbali wa duara la B unapata kipeo cha kulia. Kutoka G kupitia E hadi duara la A unapata cha kushoto. Kipeo cha juu hutokana na bikari ileile. Pande zote tano zitakuwa sawa, lakini pembe za kitako zitakuwa nyuzi 108.4 na ya juu 109.2, wakati zote zilipaswa kuwa 108. AB ikiwa sentimita 20, ulalo unaounganisha kipeo cha kushoto na cha kulia utakuwa sentimita 32.6, miwili inayofika kileleni itakuwa 32.2, na miwili iliyobaki 32.4, ilhali pembetano kamili ingetoa 32.36 kwa yote. Tumieni karatasi kubwa, kwa sababu kwenye ukurasa wa daftari tofauti hizo hupotea ndani ya unene wa penseli.